California, wanakosomea kuzipa filamu sura

Kama una watoto nyumbani, bila shaka umewahi kukalishwa mbele ya runinga kutazama filamu ya katuni iitwayo The Lion King. Ilitolewa mwaka 1994 na hadi leo watoto hawajaichoka. Ndani yake mna Simba, mna Rafiki, mna Pumbaa, majina ambayo sisi hatuhitaji kutafsiriwa, na mna fisi watatu waovu ambao mmoja wao, wa kike, anaitwa Shenzi. Huku kwetu ukimwita mtu jina hilo sokoni utajua mwenyewe utakavyotoka, lakini Wamarekani walilipenda wakampa fisi. Je, unajua fisi wale walichorwa kutokana na fisi gani?

Wengi watajibu kwamba ni fisi wa Maasai Mara, na jibu hilo haliko mbali sana na ukweli. Mwaka 1991 baadhi ya watengenezaji wa filamu hiyo walisafiri hadi Kenya, wakafika Hell's Gate kule Naivasha kutazama miamba, nyasi na mwanga wa jua letu. Lakini fisi waliwachorea kwao, katika jimbo la California, kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Berkeley. Huko Chuo Kikuu cha California kilikuwa kikifuga kundi la fisi madoa kwa ajili ya utafiti. Na fisi hao, msomaji, asili yao ilikuwa Kenya hii hii. Walichukuliwa wakiwa wadogo katikati ya miaka ya 1980, wakavushwa bahari. Wanasayansi walitaka kujua ni kwa nini miongoni mwa fisi madoa jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye amri. Wachoraji wakaja na karatasi zao, wakaketi wakawatazama, wakachora.

Filamu ilipotoka wataalamu wa fisi walikasirika. Mnyama waliyemjua kuwa mwindaji hodari na mwenye akili nyingi alikuwa amegeuzwa mwoga anayechekacheka na kuishi kwa kunyemelea makombo. Mtaalamu mmoja, ambaye ndiye aliyewapangia wachoraji ziara yao ya Berkeley, alifikia hatua ya kusema kwamba njia mojawapo ya kuwasaidia fisi ni kuisusia filamu hiyo. Haikususiwa. Kundi la Berkeley lilivunjwa mwaka 2014, lakini fisi waliochorwa pale wangali wanaingia sebuleni mwetu kila likizo, na mtoto wa Narok ambaye hajawahi kumwona fisi kwa macho yake anamjua kupitia kwa Shenzi.

Nimeanza na fisi ili uone uzito wa kazi ambayo leo nataka tuisafirie. Kabla ya filamu ya katuni kutengenezwa, wakati mwingine miaka miwili au mitatu kabla, huwa kuna watu wachache walioketi mbele ya karatasi tupu. Hawa si wale wanaozifanya picha zitembee. Hao ni wengine, na wana shughuli zao, kwani sekunde moja tu ya filamu huwa na picha 24. Ninaowasema mimi huja mwanzo kabisa. Wao ndio huamua shujaa ana shingo ndefu au fupi, nyumba yao imeezekwa kwa makuti au mabati, mawingu ni ya kijivu au ya zambarau siku baba anapofariki. Wanaibunia filamu sura yake. Wakishamaliza, mamia ya watu wengine huifuata sura hiyo hadi mwisho, na ni vigumu sana kuigeuza.

Kazi hii ina masomo yake hadi kiwango cha shahada ya uzamili, na masomo hayo yamestawi California kuliko mahali pengine pengi duniani, kwa kuwa huko ndiko studio ziliko. Basi, kama una mtoto anayechora kwenye majalada ya madaftari badala ya kuandika ndani, fuatana nami.

Jiandae kwa safari ndefu. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, ambayo Kenya Airways ilianzisha mwaka 2018, itakufikisha New York tu kwa muda wa saa 15 hivi. Kutoka hapo una saa nyingine sita angani kuikata Marekani kutoka pwani hadi pwani. Ukifika utakuta saa zimekugeukia. Kukiwa saa mbili za usiku San Francisco, Nairobi kumekucha, ni saa kumi na mbili au saa moja ya asubuhi ya kesho yake kulingana na msimu. Mama atakayekupigia simu akiwa anakunywa chai yake ya asubuhi atakukuta wewe unajiandaa kulala.

Usidanganyike na sinema zinazoonyesha California kuwa nchi ya jua na mchanga. San Francisco ni mji wa baridi. Mwezi wa Julai, watu wa sehemu nyingine wanapolalamikia joto, huko ukungu huingia kutoka baharini ukafunika vilima na daraja zima, na wageni waliokuja na kaptura huonekana wakinunua sweta za kando ya barabara. Mtu wa Limuru ataona yuko nyumbani. Vilima vyenyewe ni mwinuko hasa, barabara zimenyooka juu kama ngazi, na mwanafunzi anayebeba mbao zake za kuchorea kutoka jengo hadi jengo hahitaji mazoezi mengine ya viungo.

Nasema kutoka jengo hadi jengo kwa sababu chuo cha Academy of Art University hakina uwanja mmoja wenye ua na lango kama vyuo vyetu. Kilianzishwa mwaka 1929 na mchoraji Richard S. Stephens pamoja na mkewe Clara, kikiwa shule ya michoro ya matangazo ya biashara, na kimekua kwa kununua nyumba huku na huko mjini. Hapa pana shahada ya uzamili iliyowekwa mahsusi kwa kazi hii ya kuzibunia filamu sura. Mwendo wa saa moja hivi kuelekea kusini, katika mji wa San Jose, kuna chuo kikuu cha serikali ya jimbo ambacho nacho kina jina kubwa katika michoro ya katuni.

Na huko darasani hufanywa nini? Mzazi anayedhani mwanawe atakuwa akibonyeza kompyuta mchana kutwa atashangaa. Kompyuta zipo, na kila mtu anazitumia, lakini masomo yamejengwa juu ya penseli. Hapa acha nikuandae mapema ili usije ukashtuka siku mwanao akikuletea madaftari yake. Katika somo la kuchora mwili wa binadamu huletwa mtu halisi, mwanamume au mwanamke, akasimama jukwaani bila nguo. Hubadilisha mkao kila baada ya dakika moja au mbili, na wanafunzi hukimbizana naye kwa penseli. Hakuna anayecheka wala kunong'ona. Ni kama wanafunzi wa udaktari na maiti zao, wanajifunza mfupa unavyokaa chini ya nyama, kwa sababu asiyejua goti linavyokunjika hawezi kubuni goti la zimwi.

Halafu kuna kubuni pahali. Chukua mfano wa jikoni ya nyanya katika hadithi fulani. Mwanafunzi wa kwanza atachora meza, sufuria na dirisha, basi. Aliyefunzwa hujiuliza maswali kama ya mpelelezi. Nyanya huyu anapikia kuni au makaa? Kama ni kuni, moshi umeupaka weusi ukuta upi? Je, mafiga ni mawe matatu yaliyookotwa au amejengewa meko na mwanawe anayefanya kazi mjini? Mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa wapi, na je, kiti chake kimelika upande mmoja kwa kuwa nyanya hukalia upande huo miaka yote? Kuna kikombe kimoja tu kisafi kilichofunikwa kwa sahani, cha nani? Mtazamaji ataiona jikoni hiyo kwa sekunde nne, lakini atakuwa ameshamjua nyanya kabla hajafungua kinywa. Kusema kweli, ninaamini mtoto aliyelelewa katika jikoni kama hiyo huingia darasani akiwa na akiba ambayo wenzake hawana, mradi awe aliitazama.

Kila wiki kazi zote hubandikwa ukutani zikakosolewa mbele ya darasa zima. Walimu wengi wamefanya kazi katika studio na hawana muda wa kubembeleza. Kwa kijana wetu aliyesifiwa tangu darasa la tatu kwamba ana kipawa, huu ndio mtihani mkubwa zaidi, kuliko hata baridi. Mwisho wa masomo, ambayo huchukua miaka miwili hadi mitatu, mwanafunzi huwa amebuni filamu nzima ambayo pengine haitatengenezwa kamwe: wahusika wamepangwa mstari mmoja ili urefu wao ulinganishwe, nyumba, magari, vyombo, na utepe mrefu wa picha ndogo ndogo za rangi zinazoonyesha hadithi inavyogeuka hisia kutoka mwanzo hadi mwisho. Picha hizo zina ukubwa wa stempu tu, au zaidi kidogo. Mchoraji Ralph Eggleston, aliyefariki mwaka 2022, ndiye aliyeutengeneza utepe wa aina hiyo wa filamu ya Toy Story ya mwaka 1995, na studio yao ya Pixar imeendelea na utaratibu huo filamu baada ya filamu.

Ukiwa San Francisco usiondoke kabla ya kufika Presidio. Hapo palikuwa na kambi ya jeshi hadi mwaka 1994. Sasa katika nyumba mojawapo ya matofali mekundu kuna makumbusho ya familia ya Walt Disney, yaliyofunguliwa mwaka 2009. Makumbusho haya yamewahi kuwafanyia maonyesho maalum wachoraji wawili ambao ninapenda uwajue.

Wa kwanza ni Mary Blair, mwanamke aliyezaliwa Oklahoma mwaka 1911. Mwaka 1941 alikuwa katika msafara wa Disney uliozuru Amerika Kusini, na aliporudi rangi zake zilikuwa zimewaka. Yeye ndiye aliyechangia sana rangi na maumbo ya Cinderella ya mwaka 1950 na Alice in Wonderland ya mwaka uliofuata. Ukiziona picha zake ndogo utadhani zimechorwa jana.

Wa pili ni Tyrus Wong, na kwake nitakaa kidogo. Kutoka ufuo wa San Francisco panda feri hadi kisiwa cha Angel Island. Ni kisiwa kizuri, watu huenda kutembea na kula chakula cha mchana wakiangalia bahari. Lakini kati ya mwaka 1910 na 1940 kilikuwa kituo cha kuwazuilia wahamiaji, hasa Wachina, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilikuwa imewafungia mlango Wachina walio wengi. Wakiwa wamefungiwa humo walichonga mashairi ukutani, na maandishi hayo yangalipo. Wong alishushwa hapo mwaka 1920 akiwa mtoto wa karibu miaka kumi. Alikuwa ametoka China na baba yake, wakitumia majina ya karatasi yasiyo yao kama walivyofanya wengi, na pale kisiwani alitenganishwa na baba yake akahojiwa peke yake. Mama yake alikuwa amebaki China. Hakumwona tena.

Baadaye wawili hao waliishi Los Angeles. Baba alimfundisha mwanawe kuandika herufi za Kichina usiku, na kwa kuwa hawakuwa na pesa za wino na karatasi, kijana alichovya brashi katika maji akaandika juu ya magazeti ya zamani. Maji yalipokauka herufi zilitoweka, akaanza upya. Alipopata nafasi katika shule ya sanaa ya Otis, baba yake, maskini yule, alijikusuru akapata dola 90 za karo, pesa nyingi mno wakati huo. Kijana naye akawa anafagia na kusafisha shule hiyo hiyo aliyosomea.

Mwaka 1938 aliajiriwa na Disney kwa kazi ya chini kabisa, ya kuchora picha za katikati zinazounganisha mwendo wa Mickey. Ilimchosha vibaya. Kisha akasikia kwamba studio inaandaa filamu ya Bambi, hadithi ya mtoto wa paa wa msituni, na kwamba wachoraji wamekwama. Walikuwa wakichora kila jani na kila unyasi, na wanyama wakawa wanapotea humo. Wong akaenda nyumbani akachora picha ndogo ndogo za msitu kwa mtindo wa wachoraji wa kale wa China: ukungu, mashina machache, doa la mwanga, na katikati yake paa mdogo. Msitu ulisikika bila kuonyeshwa wote. Wakubwa walipoziona wakamtoa alipokuwa, na sura ya filamu nzima iliyotoka mwaka 1942 ikawa ni ile ya mkono wake.

Hata hivyo, Wong hakuwa pale kuishangilia. Wafanyakazi waligoma mwaka 1941, na baada ya mgomo kumalizika alifutwa ingawa hakuwa miongoni mwa waliogoma. Katika orodha ya majina ya filamu alitajwa tu kama mchoraji wa mandhari, pamoja na wengine. Alifanya kazi miaka 26 huko Warner Brothers, na Disney ilikuja kumpa heshima rasmi mwaka 2001. Alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 106. Wanafunzi wa leo wa kazi hii humsoma yeye kama wanafunzi wa fasihi yetu wanavyomsoma Shaaban Robert.

Sasa twende kusini. Kutoka San Francisco hadi Los Angeles ni kama kilomita 600, zaidi ya Nairobi na Mombasa. Kuna ndege na kuna mabasi ya usiku, lakini mwenye nafasi apande gari la moshi liitwalo Coast Starlight. Unaweza kulipandia Emeryville, ng'ambo ya ghuba, mji mdogo ambao Pixar imejenga makao yake tangu mwaka 2000. Usijisumbue kubisha, hawapokei watalii. Gari hilo litakuchukua mchana mzima, na kwa saa kadhaa litapita ukingoni mwa bahari kabisa mahali pasipo na barabara, hata ukadhani magurudumu yatalowa. Waliosafiri na wachoraji wanajua kwamba hapo hakuna mazungumzo, kila mmoja ameinamia kijitabu chake.

Utashuka Union Station, stesheni ya fahari iliyofunguliwa mwaka 1939. Mahali ilipojengwa palikuwa mtaa wa Wachina, ukabomolewa. Kutoka hapo magari ya moshi ya abiria wa kila siku yatakupeleka Glendale, ziliko ofisi za DreamWorks, na Burbank, ambako Disney ilihamia mnamo 1940. Burbank si mji wa kupendeza sana, nisikufiche. Ni barabara pana, maegesho ya magari na nyuta zisizo na madirisha. Lakini kando ya barabara utaona jengo moja la Disney ambalo paa lake limebebwa na sanamu za wale mbilikimo saba wa Snow White, wakubwa kama nyumba, wameinua mikono. Hapo ndipo utakapopiga picha, kwani ndani hutaingia.

Shule ya kwanza ya watu hawa haipo tena kwa jina lake la awali. Iliitwa Chouinard, ilianzishwa mwaka 1921 na mama mmoja mwalimu, Nelbert Chouinard. Mwaka 1929 Walt Disney hakuwa na pesa za kuwasomesha wachoraji wake, na mama huyo akakubali kuwafundisha jioni, malipo yaje baadaye. Disney mwenyewe ndiye aliyewaendesha kwa gari lake kuwapeleka. Miaka minane baadaye Snow White ilikuwa tayari. Deni hilo halikusahaulika, kwani mwaka 1961 shule hiyo iliunganishwa na chuo cha muziki ikazaliwa CalArts kwa msaada mkubwa wa Disney, na tangu mwaka 1971 chuo kiko Valencia, kilomita 50 hivi kaskazini mwa Los Angeles. Kuna darasa moja pale lenye nambari A113. Waliosomea humo wameificha nambari hiyo ndani ya filamu zao, kwenye kibao cha gari au juu ya mlango. Waambie watoto wako waitafute, watakaa kimya Jumapili nzima. Lakini mwombaji aangalie jambo hili: idara ya CalArts iliyowatoa watu hao mashuhuri ni ya shahada ya kwanza. Anayetaka uzamili huko huingia idara ya filamu za majaribio, ambayo ina mwelekeo wake tofauti.

Haya, tuje kwa pesa, maana najua mzazi amekuwa akisubiri. Karo ya CalArts peke yake imepita dola 50,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi milioni sita na nusu, na bado mtoto hajala wala hajapata pa kulala, katika mojawapo ya sehemu zenye kodi ghali zaidi Marekani. Vyuo vya serikali ya jimbo ni nafuu, ingawa mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji. Kabla ya kupewa viza utatakiwa kuonyesha kwamba pesa za mwaka wa kwanza zipo. Kwa sheria ilivyo, mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na akihitimu hupewa miezi 12 ya kufanya kazi ya taaluma yake. Baada ya hapo ni lazima apate mwajiri wa kumwombea kibali, la sivyo arudi.

Na waajiri wenyewe hawako katika hali nzuri. Mwaka 2024 Pixar ilipunguza wafanyakazi wake kwa asilimia 14 hivi, na studio nyingine nazo zimekuwa zikipunguza. Zaidi ya hayo, kompyuta sasa zinaweza kutoa picha kwa kuamriwa kwa maneno, na wachoraji wa Hollywood wamekuwa wakibishana na wakubwa wao kuhusu jambo hilo hadi kwenye mazungumzo ya mikataba. Ndiyo maana kwa maoni yangu shamba la familia lisiuzwe kwa ajili ya shahada hii. Harambee ichangishwe, msaada wa karo uombwe kwa chuo chenyewe, lakini shamba liachwe. Studio haziulizi cheti. Huuliza kazi za mkono wako, na huziangalia kwa dakika chache tu. Cheti kina faida yake kwa idara ya uhamiaji na kwa yule atakayetaka kufundisha chuoni akirudi.

Wapo waliozipa filamu sura bila kuvuka bahari. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama wake jijini Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za bei rahisi. Miaka mingi baadaye mtindo wake ndio uliotumiwa kutengeneza Tinga Tinga Tales, vipindi vya watoto vilivyochorewa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Na wapo waliosafiri. Ng'endo Mukii, Mkenya, alisomea Marekani kwanza na kisha akachukua uzamili wa katuni katika chuo cha Royal College of Art, London. Filamu yake ya kuhitimu, Yellow Fever, ya mwaka 2012, ilihusu wanawake wanaojichubua ngozi, jambo alilolitoa nyumbani wala si London. Mwaka 2023 Disney ilipotoa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Kiafrika uitwao Kizazi Moto, mojawapo, Enkai, ilikuwa yake. Jina lenyewe la filamu ni la Mungu wa Wamaasai. Safari hii aliyeketi mbele ya karatasi tupu alijua fisi wa Mara ni nani.

Kijana unayesoma haya na umeshikwa na hamu, masomo mengi huanza Agosti au Septemba, na vyuo vingi vinavyoshindaniwa hufunga maombi kati ya Desemba na Februari. Anza mwaka mmoja kabla. Aghalabu watakutaka utume kazi kama 15 au 20, na ni bora ziwe chache nzuri kuliko kuzijazia dhaifu. Weka michoro ya watu uliowachora kwa kuwatazama: makanga mlangoni mwa matatu, mama wa mboga akihesabu chenji, babu akisinzia mbele ya redio. Weka wanyama uliowaona wakitembea. Weka mahali unapopajua, pakiwa pamechorwa asubuhi, adhuhuri na usiku wa mvua. Picha za Simba na Mickey ulizonakili ukasifiwa na jirani, ziache nyumbani, kwa sababu wale watakaofungua bahasha yako wanazijua kukushinda.